Jinsi ya kuikagua nyumba ya kale ya nyasi mashambani Uingereza

Nyumba ndogo za nyasi za mashambani Uingereza hupigwa picha sana, ila wachache wanajua zinavyofanya kazi. Mgeni huona paa nene lililopinda juu ya madirisha, kuta zilizopakwa chokaa na maua mlangoni, akaridhika. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuinunua nyumba ya namna hiyo, kuikarabati, au kuichunguza kama mwanafunzi wa usanifu majengo. Unaonyesha pa kuanzia kutazama, cha kupima, kasoro zilizo za kawaida na zile za kukufanya usite kutia saini.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Paa na ukuta wa nyumba hizi hufanya kazi pamoja: paa huyatupa maji mbali, ukuta huuachia unyevu utoke. Uharibifu mkubwa tunaoukuta leo, mara nyingi chanzo chake ni mtu wa karne ya 20 aliyeuvuruga utaratibu huo kwa saruji, plastiki, au nyasi zisizo za nyumba hiyo.

Beba darubini, tochi yenye mwanga mkali, futi ya utepe na simu yenye kipima pembe. Nenda siku inayofuata mvua. Usipande paa wala usiegemeze ngazi juu ya nyasi, kwa kuwa ngazi huchimba mtaro na maji ya mvua zijazo yatapita hapo hapo.

Kwanza, tambua nyasi zenyewe

Aina kuu ni tatu, na kila moja ina maeneo yake, sura yake na umri wake.

Ya kwanza ni mabua marefu ya ngano. Ngano hupurwa, mabua yakatoka yamechanganyika, masuke na vitako kila upande. Fundi huyalowesha, huyavuta kwa mikono yanyooke, kisha huyafunga matita. Kwa kuwa bua huonekana kwa urefu wake, paa lina sura laini inayoteremka bila kona kali. Alama isiyodanganya ni fito nyembamba zinazoonekana juu ya nyasi kando ya upenu na kwenye kingo za ubavuni, mara nyingi zikiwa zimepishanishwa. Fito hizo hushika ukingo usipeperushwe. Utayakuta mapaa haya Suffolk, Cambridgeshire, Bedfordshire na Northamptonshire. Hudumu miaka 20 hadi 30 hivi.

Ya pili ni ngano ile ile, lakini iliyopitishwa kwenye mashine ya kuchana. Mabua hayapondwi, na vitako vyote huelekezwa upande mmoja. Uso wa paa unaouona ni ncha za vitako zilizobanana. Kingo zake hukatwa kwa kisu, na hakuna fito upenuni. Huu ni uezekaji wa Devon, Dorset, Somerset na Cornwall, na hudumu miaka 25 hadi 40.

Ya tatu ni matete ya majini. Kwao hasa ni Norfolk, kwenye maji ya Broads, ambako huvunwa majira ya baridi baada ya majani yake kupukutika. Paa la matete ni gumu, lina mistari iliyonyooka na kona kali. Likiwa na mteremko mzuri na hewa ya kutosha, miaka 40 au 50 si ajabu. Matete mengi yanayotumika Uingereza leo huagizwa kutoka nje, zikiwemo Uturuki na Hungaria.

Aina ya pili na ya tatu huwachanganya hata wanaozipita kila siku. Tazama mgongo wa paa. Matete hayakunjiki, kwa hiyo mgongo wa paa la matete lazima uwe wa kitu kingine, ama mabua ya ngano ama nyasi laini za kinamasi, na tofauti ya rangi huonekana hata ukiwa barabarani. Kisha okota vipande vilivyoanguka chini ya upenu. Bua la ngano hubonyea kati ya vidole viwili, kitako cha tete hakibonyei kirahisi.

Tunasisitiza utambuzi huu kwa sababu hizi si bidhaa za kubadilishana. Paa la ngano halivuliwi lote. Fundi hukwangua tabaka la juu lililooza, akafika kwenye nyasi kavu, akaweka tabaka jipya la takriban sentimita 30 juu yake. Ndiyo maana unaweza kukuta paa lenye unene wa zaidi ya mita moja, lenye tabaka za karne kadhaa. Matete, kwa kawaida, hufungwa moja kwa moja kwenye mbao za paa. Mtu akibadilisha ngano kwa matete, huvua kila kitu mpaka kwenye makombamoyo, na historia yote ya nyumba hutupwa ndani ya lori siku moja. Umbo nalo hubadilika: mipindo ya taratibu inakuwa kona. Mabadiliko ya aina hiyo yamefanyika mengi tangu Vita vya Pili vya Dunia, na yanasikitisha, maana mara nyingi mwenye nyumba aliambiwa tu kwamba matete hudumu zaidi.

Pima mteremko

Weka simu yako sambamba na ukingo wa paa ukiwa mbali, au pima darini kwenye kombamoyo. Unatafuta digrii 50 au zaidi. Digrii 45 ndiyo kiwango cha chini kabisa. Sababu ni kwamba nyasi zimelazwa juu ya nyasi nyingine, hivyo bua lenyewe hulala chini zaidi ya mteremko wa paa. Kombamoyo likiwa na digrii 45, bua linaweza kubaki na mteremko mdogo mno kiasi kwamba tone halianguki haraka bali hufuata bua kuingia ndani. Paa zuri hulowa sentimita chache tu za juu, chini yake ni kavu kabisa.

Kwa hiyo, mahali pa kutazama kwa makini ni pale mteremko unapopungua: juu ya madirisha ya darini ambako nyasi zimeinuliwa kufunika kama ukope, kwenye vibanda vya nyuma vilivyoongezwa baadaye, na kwenye makutano ya vipaa viwili, ambako maji ya pande mbili hupita njia moja. Makutano hayo yatachakaa miaka mingi kabla ya paa lote. Wajenzi wa zamani waliyaepuka walivyoweza, wakapendelea nyumba ya mstari mmoja yenye vipaa viwili, ama iliyofungwa kwa visusi ubavuni. Mashariki mwa nchi utaona mapaa marefu yenye ncha kali za ubavuni. Magharibi, hasa Devon, visusi vimeviringwa na paa lote limetulia chini.

Soma uchakavu

Paa likigeuka rangi ya kijivu au kahawia iliyoiva si tatizo. Tatizo ni vifungo vinapoonekana. Nyasi hushikwa na fito za kukandamiza zilizolazwa kwa mlalo, na fito hizo hushikiliwa na vibano vya heizeli (mti mdogo wa Ulaya unaopindika kirahisi), yaani kijiti cha sentimita 60 hadi 75 kilichopasuliwa, kikachongwa ncha mbili, kikasokotwa katikati na kukunjwa. Kwa kawaida vyote vimefunikwa kabisa na safu ya juu yake. Ukiviona katikati ya kipaa, kifuniko kimekwisha na paa linahitaji kuezekwa upya. Usiahirishe, kwa sababu kila kibano kilicho wazi ni njia ya maji.

Ikiwa paa bado halijafikisha umri wake lakini linavuja, mtilie shaka fundi wa mwisho. Kosa la kawaida ni vibano vilivyochomekwa vikielekea chini kwa ndani. Kibano sahihi huingia kikiwa mlalo au kikipanda kidogo, ili maji yasikifuate. Kosa jingine ni ngano dhaifu. Ngano ya kisasa ni fupi na mbolea nyingi ya naitrojeni hulainisha bua. Wanaolima kwa ajili ya kuezeka hutumia mbegu ndefu kama Maris Widgeon au Squarehead's Master, huikata ikiwa na ubichi kidogo kwa mashine inayofunga miganda, wala si kombaini inayoyasaga mabua.

Mgongo una hesabu yake. Hata paa la miaka 50 litahitaji mgongo mpya kila miaka 10 hadi 15. Kwa hiyo muuzaji akikuambia paa liliezekwa miaka 14 iliyopita, muulize kuhusu mgongo peke yake. Mgongo uliochakaa huonyesha fito zake zikiwa zimelegea na nyasi zikiwa zimeshuka pande mbili, huku mwanga ukionekana katikati. Pia angalia mtindo wake. Mgongo wa kale wa maeneo mengi ya ngano ni laini, usawa na paa. Ule mnene uliokatwa mapambo ya mawimbi, ukiuona juu ya nyumba ya karne ya 17, mara nyingi ni pendekezo la fundi wa karibuni.

Kuvumwani nyembamba iache. Ikiwa nene kama zulia hushika maji na nyasi huoza chini yake, basi fundi aikwangue kwa mkono. Mashine ya maji ya shinikizo isikaribie paa. Matawi ya miti yanayolifunika yakatwe, maana paa la nyasi huponywa na upepo na jua. Kuhusu wavu wa chuma: mapaa ya ngano huwekewa kwa sababu ndege huvuta mabua wakitafuta punje zilizobaki. Wavu ulazwe kwa vipande vya kutoka mgongoni hadi upenuni, na viungo vifungwe kidogo tu, ili zimamoto waweze kuuvuta chini kwa haraka.

Chini ya upenu: maji yanakoangukia

Nyumba nyingi hizi hazina mifereji ya bati. Upenu hutoka mbele ya ukuta, mara nyingi sentimita 40 au zaidi, na maji hudondoka mbali. Inama utazame ardhi kwenye mstari wa mchirizi. Kukiwa na changarawe au nyasi, vizuri. Kukiwa na njia ya zege iliyopigwa hadi ukutani, matone yanarukia ukuta kila mvua inaponyesha, na zege hilo hilo limefunga unyevu wa ardhini usiwe na pa kutokea ila kupanda ukutani.

Sasa ujue ukuta ni wa nini. Devon watu husema ukuta wa udongo unahitaji kofia nzuri na viatu vizuri tu. Kofia ni paa, viatu ni msingi wa mawe unaotoka juu ya ardhi, sentimita 45 au zaidi. Juu yake udongo uliokanyagwa pamoja na mabua hupandishwa kwa tabaka la sentimita 45 hadi 60, huachwa ukauke, kisha tabaka jingine. Unene wa ukuta ni kuanzia sentimita 50, nao hupita hata 80. Pembe zake za nje zimeviringwa. Nyumba aliyozaliwa mwandishi Thomas Hardy mwaka 1840 huko Higher Bockhampton, Dorset, iliyojengwa mwaka 1800, ni ya udongo huo na nyasi, na inatembelewa na umma. Ni mahali pazuri pa kujifunza kabla ya kukagua nyumba ya kuuzwa.

Midlands, yaani katikati ya nchi, na mashariki utakuta zaidi fremu za mwaloni zilizojazwa fito na kukandikwa kwa udongo, samadi na mabua. Msomaji aliyewahi kukandika nyumba hahitaji maelezo zaidi, kanuni ni ile ile. Rangi nyeusi kwenye mbao hizo aghalabu ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni ulioachwa hugeuka kijivu cha fedha. Buckinghamshire, hasa kijiji cha Haddenham, wana udongo mweupe wa chaki. Norfolk kuna matofali mabichi ya udongo.

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Sauti ya uwazi, pamoja na nyufa nyembamba za kona kwa kona, humaanisha plasta ya saruji imeachana na udongo. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwenye kuta za udongo. Saruji hupasuka, mvua huingia kwenye ufa, haiwezi kutoka, nayo hushuka na kukusanyika chini. Udongo wa chini ukilowa vya kutosha hupoteza nguvu na ukuta hushuka ghafla, huku plasta ikiwa bado inapendeza kwa nje. Tazama ndani pia: rangi inayobabuka, chumvi nyeupe, na ubaridi karibu na sakafu. Ukiona dalili hizo, usiibandue saruji yote kwa mara moja. Huenda ndiyo inayoushika ukuta uliolowa. Mwite mhandisi aliyezoea kuta za udongo, ubandue vipande vidogo kwa zamu, ushushe ardhi ya nje iwe sentimita 15 au 20 chini ya sakafu, na uache ukuta ukauke kwa miezi kabla ya kuupiga plasta ya chokaa.

Darini

Vaa barakoa, washa tochi, utazame upande wa chini wa nyasi. Mabaka meusi yenye unyevu ni uvujaji. Karatasi ya plastiki iliyopigiliwa chini ya nyasi ni kasoro, kwa sababu huzuia hewa na nyasi huoza kutoka ndani. Makombamoyo huwa mepesi, mengine ni miti ya mviringo isiyochongwa, na hilo si kasoro. Nyasi zina uzito wa takriban kilo 40 kwa mita ya mraba, pungufu sana ya vigae vya udongo, ndiyo maana vigae haviwezi kuwekwa tu juu ya mbao zile zile.

Ukikuta masizi meusi kwenye makombamoyo na kwenye nyasi za chini kabisa, simama. Huenda unatazama paa la enzi za kati. Kabla ya dohani kuenea vijijini katika karne ya 16 na 17, moto uliwashwa katikati ya ukumbi usio na dari, na moshi ulipenya kwenye nyasi. Tabaka hilo, likifunikwa na mengine juu yake, limehifadhi masuke ya ngano na shayiri za kale pamoja na magugu ya mashamba ambayo leo hayapo. Devon ina mapaa mengi ya aina hii kuliko kwingine. Usiguse chochote, usisafishe. Mbao zikiwa nyeusi na nyasi zikiwa safi, nyumba ni ya kale lakini paa lilishavuliwa. Popo nao wakiwepo wanalindwa kisheria, na kazi ya paa itabidi ipangwe kwa kuwazingatia.

Dohani

Moto haupimwi kwa mazoea. London ilipiga marufuku nyasi mwaka 1212 baada ya kuungua, na nyumba ya Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, huko Shottery iliharibiwa na moto mwaka 1969 ikabidi itengenezwe. Hatari ya leo ni jiko la chuma la kuni lililounganishwa na dohani iliyojengwa kwa ajili ya moto wa wazi. Jiko hilo hurusha cheche kwa kasi zaidi, hasa linapowashwa kwa karatasi na mlango ukaachwa wazi.

Pima kimo cha dohani. Ushauri wa kawaida ni mdomo wake uwe mita 1.8 au zaidi juu ya nyasi. Nyumba iliyoongezewa tabaka karne kwa karne huwa imeinua paa na kuifupisha dohani bila mtu kuigusa. Tazama mawe au matofali yaliyotokeza kwenye dohani. Yaliwekwa kufunika kiungo cha nyasi na ukuta. Yakizama ndani ya nyasi, paa limepanda. Yakielea juu sana, paa la zamani lilikuwa nene zaidi.

Ndani ya dari, kagua dohani inapopita katikati ya nyasi. Ukuta wake mara nyingi ni tofali moja la upana wa sentimita 11, na chokaa yake imeliwa na moshi. Madoa ya kahawia ni moshi unaopita. Omba kipimo cha moshi na kamera kabla ya kununua. Ukiwa unaishi humo, fagia dohani mara mbili kwa mwaka, choma kuni zenye unyevu chini ya asilimia 20, ondoa viota vya ndege, na usiache nyaya za umeme zilale kwenye nyasi, maana panya huzitafuna. Wavu wa kuzuia cheche kwenye mdomo wa dohani huziba kwa lami. Bila kusafishwa mara kwa mara hugeuka kuwa hatari.

Kibali, fundi na hesabu

Tafuta nyumba kwenye orodha ya taifa ya urithi inayotunzwa na Historic England. Ikiwemo, iwe daraja la I, II* au II, kubadilisha aina ya nyasi, umbo la mgongo au plasta kunaweza kuhitaji kibali cha halmashauri. Kufanya bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1990, na mmiliki mpya anaweza kulazimishwa kurekebisha aliyoyafanya mmiliki wa zamani. Kwa hiyo mwambie wakili wako alinganishe paa lililopo na vibali vilivyotolewa, kabla ya malipo.

Hesabu ya eneo ni rahisi. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 6, yenye upenu wa sentimita 40 na ubavu unaotokeza sentimita 30. Nusu ya upana pamoja na upenu ni mita 3.4. Kwa mteremko wa digrii 50, urefu wa kipaa ni mita 5.3. Zidisha kwa 10.6, kisha kwa vipaa viwili, upate takriban mita za mraba 112. Matete huhitaji karibu miganda 10 kwa mita ya mraba, basi tegemea miganda 1,100 hivi, bila kuhesabu mgongo.

Bei ya fundi iandikwe ikitaja jamii ya nyasi na zilikotoka, unene wa tabaka jipya, kina atakachokwangua cha la zamani, mtindo wa mgongo, wavu, na nani anasimamisha jukwaa la kazi. Jukwaa hilo lisimame lenyewe bila kuegemea paa. Omba akuonyeshe mapaa mawili: moja la mwaka huu na jingine aliloezeka miaka 15 iliyopita. Lile la pili ndilo la kutazama kwa darubini.